Maiki Moja, Sauti Mbili

Hakuna kitu cha kunishtua mimi. Nimekaa nyuma ya maiki miaka mingi nikisemea watu wa sinema za Kizungu kwa Kiswahili, na hakuna mwizi, mjane wala mpenzi aliyewahi kuingia kwa kioo nisijue ataishia wapi kabla hajavua kofia. Shule niliachia darasa la sita. Lakini mtu akifungua mlango ndani ya sinema nitakuambia kama amekuja kuoa, kuua, ama kupotezea watu muda.

Naandika haya kwa sababu yenu nyinyi vijana mnaokaa kwa ngazi za plot yangu ya kupangisha hapa Kitengela. Juzi nimepita hapo nikawapata watatu mmeinamia simu moja.

"Mnaangalia nini?"

"Ni muvi, mzee wa plot."

"Ya nini?"

"Ya kupigana tu."

Halafu mmoja wenu, yule wa nyumba ya mwisho anayechelewesha kodi kila mwezi, akasukuma kidole kwa kioo, akaruka sinema nzima mpaka mwisho, akasema, "Ah, kumbe huyu ndiye." Basi. Ameshajua. Nilikasirika mpaka nikasahau nilikuwa nimekuja kuangalia tangi la maji.

Nyinyi hamjui mmenyimwa nini. Kuna sinema za zamani ambazo zilikuwa na vitu vitatu kwa sufuria moja: mapenzi, kicheko na hofu. Mwanamume na mwanamke wanakutana kwa bahati mbaya, na wote wawili wamedanganya jina. Hawapendani. Wanatukanana kwa adabu kama watu wa kanisa moja. Nyuma yao kuna mtu anawatafuta na bastola, na hawawezi kukimbia kila mmoja njia yake, kwa sababu kinachotafutwa kiko kwa huyu na ufunguo uko kwa yule. Kwa hivyo wanakimbia pamoja wakigombana. Wanajificha kabatini, mwanamke ananong'ona, "Unanikanyaga," na muuaji yuko hapo nje ya kabati anasikiliza. Umecheka, na kicheko kimekwama kwa koo, na bado unataka hao wawili wabaki kabatini kidogo tu, kwa sababu umeona vile mkono wa mwanamume umekaa. Sasa niambieni, utaruka hiyo na kidole uende wapi?

Mimi ndiye nilileta hizo sinema upande huu. Wengine wote walikuwa wanaonyesha karate na vita. Ukumbi wangu ulikuwa wa mabati, nyuma ya mahali lori za saruji zilikuwa zinaegeshwa, na nilikuwa na mwingine wa kukodisha kule Kajiado siku za mnada. Ule wa Kitengela niliujenga kwa mikono yangu. Viti vilikuwa mbao nilizookota machimboni. Mvua ikinyesha juu ya mabati husikii kitu, kwa hivyo nilishonea magunia ya nyasi kavu chini ya paa. Sakafu ilikuwa ya mchanga, na kabla ya kila onyesho nilikuwa namwaga maji kidogo, maana mtu akikohoa kwa vumbi wakati wa busu amewaharibia wote. Jenereta niliizika nusu kwa shimo ili inyamaze. Hayo sikufundishwa na mtu.

Kazi ya kusema, hiyo nilifundishwa. Mzee Kamau alikuwa na ukumbi wa vidio pale karibu na soko la Ngong, na nilibeba spika zake kabla sijanunua zangu. Siku ya kwanza aliponiachia maiki, dakika chache tu baada ya sinema kuanza nikaona bwana mmoja mpole wa glavu nyeupe anaingia, na mimi kwa furaha nikapiga kelele: "Huyu ndiye mwizi, muangalieni vizuri!" Nilikuwa sahihi. Watu wakasimama, wakataka pesa zao. Mzee Kamau akanivuta nyuma ya pazia.

"Wewe umewauzia chai, halafu ukainywa mbele yao."

"Lakini ni yeye, mzee."

"Najua ni yeye! Kila mtu anajua ni yeye! Wanalipa ili wajue na wewe unyamaze!"

Hiyo ndiyo siri ya hizo sinema, na sijaona mtu wa kuieleza vizuri kuliko huyo mzee. Unajua watapendana. Hata mama wa kuuza viazi pale mlangoni anajua. Tamu yake ni kungoja wao wenyewe waseme.

Kitu kingine alichonifundisha: usiangalie mdomo. Ukifuata mdomo utachelewa kila neno. Angalia shingo. Mtu kabla hajasema anavuta pumzi, na pumzi inaonekana hapa, juu ya kola. Ukiona shingo imepanda, wewe umeshaanza. Watu walikuwa wananiuliza najuaje Kizungu chote hicho. Kizungu gani? Nilikuwa najua shingo.

Sauti za wanaume zilikuwa ndani ya uwezo wangu zote. Tajiri, polisi, mlevi, mhubiri. Za wanawake zilinishinda. Siku moja Kitengela nilikuwa nasemea mama mmoja wa kofia katika sinema tuliyoiita Mwavuli. Jamaa na huyo mama wanatumia mwavuli mmoja, na ndani ya mpini almasi zimefichwa bila wao kujua. Jamaa amedanganya kwamba ni daktari wa meno. Mimi nikamweka kuwa daktari kutoka Machakos, na mama nikamweka kuwa mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Loitokitok. Basi mama akafungua mdomo, nikatoa sauti yangu nyembamba, na kutoka mlangoni mtu akasema kwa nguvu:

"Kwani huyo mama ni mbuzi?"

Ukumbi ukalipuka. Alikuwa Naserian, msichana wa Ilbisil aliyekuwa anauza chai pale mlangoni. Nikaona aibu, nikamwambia, "Kuja basi ufanye wewe!" Nilidhani atakimbia. Akaja na birika mkononi, akaliweka chini, akanipokonya maiki. Kwa kioo daktari alikuwa amepiga goti. Shingo ya mama ikapanda, na Naserian, hata hakuna mtu alimwambia habari ya shingo, akaingia palepale:

"Wewe hata jino hujawahi kung'oa. Sasa unataka kunishika moyo na hiyo mikono ya nani?"

Watu walipiga mbao za viti kwa viganja mpaka nikaogopa zitavunjika. Tangu hiyo siku tukawa sauti mbili kwa maiki moja.

Maiki ya pili ningeweza kununua. Sikutaka. Mnaona, maiki moja ina utamu wake. Lazima umpe mwenzako, na yeye akupe. Yeye alikuwa hanipi, alikuwa ananipiga nayo kifuani. Watu wa viti vya mbele walikuwa wanatuangalia sisi kuliko kioo. Wachungaji wa ng'ombe walitoka mnadani na shuka zimejaa vumbi, wakaketi karibu na wafanyakazi wa saruji, wote wakingoja Nase, ndivyo nilivyomwita Naserian, anitukane. Tulikuwa na sinema za treni, za meli, za hoteli ya mlimani, na katika zote nilikuwa natafutwa na bastola na yeye hataki kuniamini. Sijawahi kuwa na siku nzuri kuliko hizo, na nimejenga plot.

Na maneno niliyoyasema kwa hiyo maiki! Katika ile ya treni, jamaa anamwangalia mama akiwa amelala kwa kiti. Yeye mwenyewe kwa sinema hasemi kitu, shingo imetulia kabisa. Nikasema: "Ukiamka utaanza kelele. Lala kidogo. Mimi nikikuona hivi naona nyumba, naona taa iko ndani, naona sitarudi tena kwa chumba cha mtu mmoja." Mama mmoja alipangusa macho na leso.

Baadaye tulikuwa tunakunja nyaya, mimi na yeye tu.

"Wafula."

"Mm."

"Yale maneno ya kwa treni umetoa wapi?"

"Kwa kichwa."

"Ulikuwa unaambia nani?"

"Si yule mama wa kwa treni."

Akasema, "Sawa," akaendelea kukunja waya.

Mtasema nilikuwa mjinga. Ngojeni. Mimi si mtu wa mdomo mtupu, na hapo ndipo watu hunikosea heshima. Kila nikipata faida nilikuwa napita mnadani Kajiado, nachagua mtamba mzuri, namkodishia pikapu, nampeleka Ilbisil kwa baba yake Naserian, Mzee Parsaloi. Ninawajua ng'ombe. Nilichagua wa mgongo mnyoofu na miguu mikavu. Nikifika namwamkia vile watu wa kwao wanavyoamkiana.

"Supai, mzee."

"Ipa."

"Nimeleta mtamba mwingine."

"Wacha akae na wenzake."

Ananipa chai, nakunywa, narudi Kitengela. Kwangu hayo yalikuwa mazungumzo yaliyokamilika. Mwanamume anapeleka ng'ombe kwa baba ya msichana, mmoja baada ya mwingine, mwaka baada ya mwaka. Hiyo ni barua ya aina gani tena inayotaka kusomwa? Wajomba wa kunisindikiza sikuwa nao. Na watu wa kwetu tulikosana nilipotoka nyumbani, na nilikuwa nimeapa sitamlilia mtu. Niliona ng'ombe watajieleza.

Sasa ndipo akaja Denis.

Denis alikuwa kijana wa shati iliyopigwa pasi. Aliongea pole pole. Alikuwa na duka kule Embulbul la kuwekea watu sinema kwa memori kadi, na alikuja kuniuliza kama anaweza kurekodi mimi na Nase tukisema. Nilimwangalia kutoka viatu kwenda juu. Bwana mpole. Kitu pekee kilichokosekana ni glavu.

"Huyu ni mwizi," nikamwambia Nase.

"Ameiba nini?"

"Bado. Wapole huiba mwisho."

"Labda ni mpole tu, Wafula."

"Katika sinema gani?"

Nikabadilisha kufuli za ukumbi. Nikaanza kulala na mashine ya dividii chini ya kitanda. Nikamkataza asikanyage ndani na simu. Alikuwa anakubali yote. Ananunua chai pale mlangoni, anarudisha kikombe, anasema asante, anaenda. Nilimlinda kama benki. Hakuna waya hata mmoja uliopotea.

Halafu ikafika siku ya mnada Kajiado. Nase alikuwa ameomba ruhusa, amesema kuna shughuli nyumbani. Nilikuwa nje ya ukumbi nikitia mafuta kwa jenereta, nikaona gari limesimama. Ametoka Denis na suti. Ametoka mama yake, na wazee wawili wa kofia, na sanduku la soda, na blanketi mbili mpya bado ziko kwa nailoni. Mmoja wa wale wazee akanijia kwa heshima.

"Kijana, samahani. Unajua njia ya kwenda kwa Mzee Parsaloi?"

Mimi, ambaye hakuna mlango umewahi kufunguka nisijue ni wa nini. Niliangalia zile blanketi, nikaangalia zile soda, nikafikiria wanaenda kununua mbuzi.

"Najua vizuri sana," nikasema. "Msifuate barabara ya kawaida, mvua imeikata. Mkifika kwa kanisa la mabati ya buluu, shikeni kushoto, mpite karibu na lambo. Mwambieni ni Wafula amewaelekeza, atawapokea vizuri."

"Mungu akubariki," mzee akasema.

Denis hakuniangalia machoni. Alinipa mkono, mkono wake ulikuwa na jasho, na hata hapo nikasema moyoni: mwizi huyu.

Nikaingia ndani nikaonyesha Mwavuli peke yangu. Sauti ya mama nikaifanya mimi. Watu walilia "mbuzi! mbuzi!" mpaka mwisho.

Nase alikuja Kitengela mwenyewe kuniambia. Hakutuma mtu, hilo nampa. Alisimama pale alipokuwa anauzia chai, birika hana.

"Wafula, wamekuja kwetu. Nimekubali."

"Yule mwizi?"

"Ameiba nini?"

Nikasema, "Na ng'ombe?"

"Ng'ombe gani?"

"Wale wote! Walio kwenu!"

"Wale si wako? Baba anakuchungia. Kila mtu wa mjini akiwa na ng'ombe wawili huwapeleka kwa mtu mwenye malisho. Baba alikuwa anashangaa tu mbona hulipi."

"Ni wako hao, Nase! Ni wako tangu yule wa kwanza!"

Shingo yake ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nikaona pumzi nisijue neno linalofuata.

"Nani alisema?" akauliza.

Lori lilikuwa linarudi nyuma, likipiga honi. Lilipomaliza, alikuwa bado anangoja.

"Umenisemesha kwa treni," akasema. "Umenisemesha kwa meli, umenisemesha kwa paa la hoteli. Kila mara nilikuuliza ulikuwa unaambia nani. Denis alisema mara moja, kwa mlango wa jikoni kwetu, akitetemeka, na hata hakusema vizuri. Lakini nilijua ni mimi anaambiwa."

Akaenda.

Nilienda Ilbisil nikiwa tayari kwa vita. Katika sinema zote hapo ndipo mtu hunyang'anywa mali yake, kunakuwa na kukimbizana. Mzee Parsaloi akanipokea, akaniletea chai, akapiga mluzi. Ng'ombe wangu wakaja wote, na ndama zao, na ndama za ndama zao, wamenona, hakuna hata mmoja amepungua. Hata wale waliokufa kwa kiangazi alinionyesha ngozi. Aliniuliza kama nitalipa malisho ama tusameheane. Vijana, hamjui uchungu huo. Mtu akikuibia unamchukia, unalala. Mimi nilitafuta mwizi kila upande na hakukuwa na mwizi.

Niliwauza wote mnadani Kajiado. Hiyo ndiyo plot mnayokalia ngazi zake. Kila chumba hapo ni mahari ya mtu ambaye hakuolewa na mimi, ndiyo maana sipendi mkwaruze rangi. Watu waliponiona naweka msingi walisema Wafula amejitengeneza mwenyewe, na ni kweli. Ukumbi niliufunga simu zilipojaa. Maiki niliiweka kwa sanduku.

Watu husema, ungesema tu. Mimi naambiwa niseme! Mimi niliyesema mpaka nikala tangawizi kama sukuma wiki! Nilisema kuliko wanaume wote wa kaunti hii. Nilisema vizuri zaidi. Kama alitaka nirudie bila maiki, si angeniambia? Hata leo siwezi kuamua kwamba yeye ndiye alikuwa na haki.

Mwaka huu nilienda Embulbul kumwona fundi wa madirisha. Natembea zangu, nikapita duka moja lenye spika nje, nikasikia sauti yangu.

Sauti yangu mimi. Ile ya daktari wa Machakos, na kile kikohozi changu kidogo mwishoni. Kumbe Denis ameiba! Miaka yote hiyo, kumbe alinirekodi kwa siri! Niliingia humo ndani na furaha ya mtu aliyeokota pesa, nimeshapanga na maneno ya kwa polisi.

Kwa kaunta kulikuwa na msichana. Kwa kioo kulikuwa na Mwavuli, karibu na mwisho.

"Huyo anayesema hapo ni nani?" nikauliza.

"Ni mama mwenye duka."

"Si mama. Huyo mwanamume."

"Ni yeye pia. Husema zote mbili. Ya mwanamume alitoa kwa mtu fulani wa Kitengela zamani."

"Mtu gani?"

"Sijui. Anasema alikuwa hodari sana wa kusemea watu wengine."

Nikasikiliza. Ni kweli haikuwa mimi. Ilikuwa Nase akiwa mimi, na alinipata, mpaka vile navuta mwisho wa neno nikitaka watu wacheke. Kwa kioo ilikuwa mvua, wako kwa daraja, almasi zimeanguka mtoni na hakuna anayezijali. Hapo ndipo daktari anavua kofia aseme jina lake la kweli. Mimi hapo sikuwahi kumwacha aseme. Niliweka mzaha kila mara. "Jina langu ni yule mnayemdai kodi," kitu kama hicho, na watu walivunjika mbavu na kwenda nyumbani.

Shingo ya jamaa ikapanda. Na sauti yangu ikasema:

"Mimi si daktari wa meno. Mimi ni Wafula wa Kitengela, sikusoma, na sina wajomba wa kuniongelea. Ng'ombe walio kwa baba yako ni wako. Nimekuja kusema kwa mdomo wangu."

Nilishika kaunta.

Mama wa kofia akainua uso. Shingo yake ikapanda. Nikangoja Nase aingie. Midomo ya yule mama ilisema kitu kirefu, na Nase hakumsemea. Kulikuwa na mvua tu. Halafu wakafungua mwavuli, ikaisha.

"Mzee," msichana akasema, "unanunua ama unaangalia?"

"Hii ni ngapi?"

"Na memori yake ama tukuwekee kwa simu?"

"Niwekee kwa simu."

Nikalipa shilingi hamsini.